Nani Alimpika Ng'ombe wa Rumanyika?

Mjukuu wangu, juzi ulinionyesha kwenye simu yako picha za wenzako waliokwenda Lisbon, kule Ureno. Wamefuatana na mtembeza watalii mtaa hadi mtaa, hapa wanaonja samaki mkavu wa chumvi, pale vikeki vya maziwa na mayai, kwingine mvinyo kidogo, na kila wanaposimama wanaelezwa mfalme gani alijenga nini. Ukaniuliza, Babu, jambo kama hili kwetu Karagwe lingewezekana? Sikukujibu palepale kwa kuwa bibi yako alikuwa ameshatuita mezani. Nakujibu leo. Liliwezekana, na mimi nilikuwamo, Jumamosi ya tarehe 9 Novemba 1985, tukiwa walimu ishirini na sita juu ya lori, tukatoka Kayanga alfajiri na kurudi siku ya pili jua limeshachomoza.

Wakati huo Kyerwa haikuwa wilaya. Ilikuja kukatwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Sisi tulikuwa na Karagwe moja, kutoka Burigi hadi Murongo, na barabara yake moja ya vumbi jekundu ambalo ukilivaa asubuhi unalala nalo. Siku nne kabla ya safari yetu, Jumanne, Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa ameapishwa kuwa Rais, na Mwalimu Nyerere akawa ameng'atuka. Tulisikiliza sherehe zile kwenye redio ya mwalimu mwenzetu ambaye betri zake alizianika juani tangu Jumapili ili zipate nguvu ya kufika mwisho wa hotuba. Dhiki ya miaka ile umeisikia mpaka umechoka, sitaki kukuchosha zaidi. Jua tu kwamba kima cha chini cha mshahara kilikuwa shilingi 810 kwa mwezi, kwamba mimi mwalimu kijana nilipata elfu moja na ushee, na kwamba kipande cha sabuni kilikuwa zawadi ya kumpelekea mkwe. Dizeli ilitoka kwa kibali. Kila mmoja wetu alichanga shilingi 60, na waliokuwa na watoto wengi tuliwaachia watoe 40.

Aliyetukusanya alikuwa mwalimu wa historia, mzee mrefu mwenye mvi, aliyebakiza mwezi mmoja kustaafu. Alisema haoni sababu ya mtu kufundisha watoto habari za wasafiri wa Kizungu Speke na Stanley kama yeye mwenyewe hajasimama mahali waliposimama. Alitupa kila mtu daftari la kurasa thelathini na mbili, yale ya gamba la kijani kibichi, na akatuagiza tuandike tutakachokiona. Habari za chakula hakuzigusa. Hizo tulifundishwa njiani.

Alfajiri ile ilikuwa ya senene, wale panzi wa kuliwa. Umezaliwa mjini, kwa hiyo nikuambie inavyokuwa. Usiku mvua imenyesha, kuna ukungu mzito juu ya majani, na ghafla uwanja wa mpira wote unakuwa hai. Watoto wameinama na vibuyu na mifuko, wanawake wamejifunga kanga kifuani, hakuna anayezungumza kwa sauti, maana senene wa alfajiri bado wamelowa umande na ukiwashtua wanaruka. Lori letu lilisimama dakika arobaini kwa sababu walimu wenyewe walishuka kwenda kuokota. Dereva, aliyejitanda blanketi la kijivu, hakukasirika. Alitoa mfukoni kahawa ya kutafuna, zile buni zinazochemshwa mbichi na majani ya harufu kisha zikaushwe, akatugawia mbili mbili kiganjani. Kwetu, mtu akikupa kahawa ya kutafuna ameshakupokea, hata kama mko juu ya lori. Ladha yake ni chungu mwanzoni, halafu inakuja harufu ya moshi na nyasi, halafu mate yanakuwa matamu. Nilikuwa nimeitafuna tangu utoto, lakini asubuhi ile, na baridi ile, nilihisi kama naanza upya.

Tulielekea kwanza Bweranyange, kwenye makao ya zamani ya Omukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Usitegemee nikuelezee kasri. Tuliona kilima, migomba, miti mikubwa, upepo, na bondeni ziwa dogo linalong'aa kama sinia. Waingereza wale wawili, John Hanning Speke na James Grant, walipofika Novemba 1861 walilifananisha na ziwa la kwao wakaliita Windermere. Mwalimu wetu alisimama kwenye jiwe akatueleza vizuri sana. Kwamba Rumanyika aliwapokea kwa ukarimu uliowashangaza. Kwamba Speke aliendelea kuelekea Uganda mwanzoni mwa 1862, Grant akabaki kwa Rumanyika miezi kadhaa akiuguza mguu. Kwamba Stanley alipopita mwaka 1876 aliingizwa katika nyumba ya hazina, akaona sanamu za ng'ombe za shaba. Na kwamba Krismasi ya mwaka 1861 Rumanyika, baada ya kusikia kuwa wageni wake huadhimisha kuzaliwa kwa Kristo kwa kula nyama, alimpelekea Speke ng'ombe. Hili la ng'ombe lilitufurahisha sote. Speke mwenyewe ameliandika katika kitabu chake.

Pale palikuwa na mzee mmoja mwenye nyumba jirani, aliyekuja kutusikiliza akiegemea fimbo. Meno yake yalikuwa mekundu kwa kahawa, na macho yake yalikuwa na utando mweupe, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Mwalimu alipomaliza, mzee akasema, "Waitu, mwalimu, umesema vizuri. Sasa niambie, huyo ng'ombe, nani alimpika?" Mwalimu akafungua kinywa. Akakifunga. Akasema, "Baba, hilo halikuandikwa." Mzee akatikisa kichwa taratibu, akasema kwamba nyanya zake walikuwa watu wa kuhudumu pale juu, wakikamua, wakifukiza vibuyu, wakipika, na kwamba mgeni aliyekaa miezi kwa mtu akala chakula chake kila siku, akaenda kwao akaandika kitabu kizima, hakupaswa kusahau waliompikia. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja deni ambalo anajua halitalipwa.

Basi mwalimu wetu akatugeukia na kalamu mkononi. Akasema, kuanzia sasa, chochote tutakachotia kinywani leo, andikeni jina la aliyekipika, na bei yake. Mistari ya kwanza ya daftari langu inahusu mke wa mzee yule. Alituletea maziwa katika ekyanzi, chombo cha mti kilichofukizwa mpaka maziwa yenyewe yanaonja moshi, na rubisi ya ndizi embire, iliyolala usiku mmoja tu, ikiwa bado tamu na punje za mtama zinaelea juu. Nilimuuliza jina, akacheka akiziba mdomo kwa kanga, kwa sababu hakuna kijana aliyewahi kumuuliza. Bei nimeandika: bure. Tulimwachia chumvi, nusu kilo.

Tulirudi Omurushaka saa sita na jua limekaza. Nataka ulione soko lile kama lilivyokuwa, maana lililopo leo lina maduka ya simu na vioo. Lilikuwa uwanja wa udongo uliokanyagwa mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Upande mmoja mikungu ya ndizi imelazwa mistari mistari, na wenye mikungu wameketi kwenye kivuli chembamba cha baiskeli zao. Mkungu mzuri wa enshakala ulikuwa shilingi 50, wa entobe 40, na nkonjwa za kuchoma ziliuzwa moja moja, shilingi moja na nusu, moto moto kutoka kwenye makaa, ganda jeusi, ndani njano. Upande wa pili maharage, karanga kwa kisosi, viazi vitamu, tumbaku iliyosokotwa kama kamba, samaki wakavu wa Kagera wenye harufu iliyokukamata kabla hujawaona. Kwenye kona palikuwa na watu wa vitenge na sabuni za magendo kutoka ng'ambo ya mto, ambao bidhaa zao zilijifunika na kujifunua kulingana na nani anapita, ingawa tangu bajeti ya 1984 ilegeze masharti ya kuingiza bidhaa walikuwa wamepunguza kuogopa. Nilimwona pia mtu aliyenunua kahawa kwa butura, yaani akinunua zingali mtini kwa mkulima mwenye shida ya ada au ya msiba. Alivaa saa mbili, moja kila mkono. Aliyeuza alivaa shati lililobaki kola. Sura ya yule muuzaji naikumbuka kuliko sura ya waziri yeyote.

Senene tuliookota asubuhi tulimpa mama mmoja mwenye jiko sokoni, atukaangie kwa malipo ya shilingi 20 kwa lote. Aliwanyonyoa mabawa na miguu kwa kasi ambayo macho hayakuifuata, akawatia kwenye sufuria bila mafuta, maana senene ana mafuta yake, akanyunyiza chumvi tu na kitunguu kimoja. Harufu ile ilileta watu kutoka pande zote za soko. Ni harufu ya karanga, na ya ngozi ya kuku inayokauka kwenye moto, na ya kitu kingine ambacho hakina mfano. Alipotupakulia, mwalimu mwenzetu wa kike, binti wa Nyakahanga, akamkaribisha: "Mama, karibu nawe." Yule mama akarudi nyuma hatua moja. Kwa desturi ya zamani mwanamke aliwaokota senene, akawanyonyoa, akawakaanga, akampelekea mumewe, naye hakuonja hata mmoja. Mama yule alikuwa na umri wa miaka sitini hivi na alikuwa amewakaanga tangu utoto. Binti wa Nyakahanga akachukua senene mmoja, akamla mbele yake, akatafuna polepole, akameza, akanyosha tena sahani. Mama akatazama kushoto na kulia. Kisha akachukua mmoja, akageukia ukuta, akala. Hakusema kitu. Alijifuta vidole kwenye kanga akaendelea kukoroga sufuria. Jina lake liko katika ukurasa wa nne wa daftari langu, na chini yake nimeandika, "Ameonja leo."

Kutoka hapo tulishika njia ya Nkwenda, vilima juu ya vilima, vibanja vya migomba na kahawa vimefuatana, na kwa mbali upande wa magharibi mabonde ya mto Kagera na milima ya Rwanda. Tulifika maji moto ya Mtagata saa tisa na nusu. Ni bonde lenye msitu mnene, giza mchana, na nyani wanaokutazama kama wenye nyumba. Maji yanatoka ardhini yakiwa ya moto, chemchemi nyingine zaidi ya nyuzi 50, huwezi kuacha mkono. Stanley alipofika Machi 1876 alikuta wagonjwa kutoka mbali wamekaa humo wakijiosha, na sisi miaka mia na tisa baadaye tuliwakuta walewale, namaanisha watu wa aina ileile: mzee mwenye magoti yaliyovimba, mama na mtoto mwenye upele, kijana aliyeletwa kwa machela. Walikuwa wamejenga vibanda vya nyasi na walikuwa wakipika viazi kwenye mafiga. Harufu ilikuwa ya majani yaliyooza, mvuke na moshi mbichi. Tulivua viatu tukatia miguu. Mama mwenye mtoto alitugawia kiazi kimoja kimoja. Alikuwa na viazi vichache kuliko sisi tulivyokuwa watu, akavikata. Nimemwandika.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa sababu yake nakuandikia. Tulipokuwa tukirudi, hatujafika Nkwenda, giza limeshaingia na mvua imeanza, springi ya nyuma ya lori ikavunjika. Dereva akapiga magoti kwenye matope na tochi isiyo na nguvu, akasema mpaka alfajiri. Watu ishirini na sita, baridi, nguo zimelowa. Palikuwa na mwanga mdogo ndani ya kibanja kando ya barabara. Mwalimu wetu alikwenda kubisha hodi, akarudi na neno moja: ingieni.

Alikuwa mwanamke peke yake na watoto wawili wadogo. Nyumba ya udongo, sakafu imetandazwa nyasi zilizokatwa siku ileile, na harufu ya nyasi zile ikachanganyika na ya moshi wa jikoni na mafuta ya taa ya koroboi. Hakuuliza tunatoka wapi wala tuko wangapi. Alichukua panga na kijinga cha moto, akatoka mvuani, tukasikia mgomba unaanguka. Kisha wa pili. Unajua maana yake, mjukuu wangu? Mikungu miwili, usiku, kwa mwanamke wa watoto wawili, ni chakula cha zaidi ya wiki mbili. Akina mama wenzetu wakaingia jikoni kumenya naye. Maharage yalikuwa tayari chunguni. Akayachanganya na ndizi, akafunika kwa majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni mpaka yakalainika, akaweka jiwe juu. Saa nzima tulikaa tunasikiliza chungu kikinong'ona. Alipofunua, mvuke ule ulijaza nyumba yote, na mwalimu mmoja, mwanaume mzima mwenye ndevu, akaanza kulia bila sauti. Alitoa samli kidogo kwenye kibuyu, yote aliyokuwa nayo, akaimimina juu. Tukala kwenye majani, kwa mikono, watu saba saba. Nimekula hoteli za Dar es Salaam na za Nairobi, na mwaka mmoja nilipelekwa semina Ulaya nikakaribishwa mezani kwa watu wakubwa. Sijala tena chakula kilichofanana na kile.

Uso wake niliuona kwa mwanga wa koroboi. Mashavu membamba, kovu dogo juu ya jicho la kushoto, meno ya mbele yaliyoachana. Alituambia kifupi kwamba mumewe alikwenda na mgambo mwaka 1978, vita vya Amin vilipoanza, na hakurudi. Akaongeza kuni. Tulipochanga pesa, shilingi 130, aliusukuma mkono wetu. Binti wa Nyakahanga akatoa kipande cha sabuni kwenye mkoba wake. Hicho alikipokea. Alikipeleka puani, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda, halafu akakifunga kwenye pindo la kanga yake.

Lori lilipona saa kumi alfajiri. Dereva alipiga honi. Yeye alikuwa amelala na watoto wake pembeni ya moto, nasi tukasema tusimwamshe, tukatoka kwa ncha za vidole. Tumeshavuka Nkwenda ndipo mwalimu wa historia alipouliza kutoka kiti cha mbele, "Jina la yule mama nani ameandika?" Hakuna aliyejibu. Kila mmoja alidhani mwenzake ameandika. Mwalimu hakutugombeza. Alikaa kimya mpaka Omurushaka, na aliposhuka alisema tu, "Tumefanya alichofanya Speke."

Mwalimu wa historia alifariki mwaka 1994, mwaka ambao wakimbizi wa Rwanda walijaa kwetu na barabara ileile ilijaa malori ya mahindi. Mpaka anaugua alikuwa akisema atarudi kuuliza. Mimi nilihamishwa, nikaoa, nikapewa vyeo, nikasema mwakani. Nilipokwenda hatimaye mnyauko wa migomba ulikuwa umeingia Kagera. Vibanja vizima vilikuwa vimeng'olewa na kuchomwa, na nyumba niliyoikumbuka kwa migomba yake sikuitambua tena. Siku hizi lami imefika Bugene kutoka Kyaka, na tangu 2019 Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe ni hifadhi za taifa. Watalii watakuja, na wewe ukitaka kuwatembeza na kuwaonjesha nakuunga mkono kwa moyo wote. Mpe mgeni kahawa ya kutafuna kabla ya maelezo. Mpikaji umlipe vizuri, na umtaje mbele ya wageni.

Daftari langu liko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, gamba limefifia. Lina majina kumi na moja ya wapishi na mstari mmoja mtupu. Yule mama, kama yu hai, ana miaka themanini au zaidi. Watoto wake wawili, wa kiume na wa kike, wana umri wa kuwa wazazi wako. Ukifika Nkwenda, shuka, ingia njia ya kuelekea Mtagata, uliza wazee nani alilisha lori la walimu usiku wa mvua mwaka alioapishwa Mwinyi. Mwenye kovu juu ya jicho la kushoto. Niletee jina lake, niliandike kwa mkono wangu.